Toazi la dramu limepasuka: soma ufa kwanza, ndipo uamue kuchomelea au kukata

Toazi likipasuka, wazo linalomjia mpiga dramu ni kulipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Ni metali, imefunguka, basi iunganishwe. Kwa geti au kwa fremu ya kitanda hoja hiyo inatosha. Toazi lakini limetengenezwa ili litetemeke, na kila pigo huupinda na kuurudisha ukingo wake mamia ya mara kwa sekunde moja. Ufa unapotokea, kuna jambo lililoulazimisha utokee pale. Moto wa kuchomelea hauliondoi jambo hilo, na mara nyingi unaongeza udhaifu mpya milimita chache pembeni. Msimamo wangu, kwa hiyo, ni huu: kwa matoazi mengi, dawa ni kuondoa metali iliyoharibika, wala si kuongeza metali mpya. Ila kwanza tujue tunatibu nini.

Dalili: mlio una mkwaruzo mkavu, lakini hakuna ufa unaoonekana

Usikimbilie drili. Anza na stendi. Nati ya mabawa iliyolegea, washa inayogusa kuba (kile kibonge kilichoinuka katikati ya toazi), au bomba la plastiki lililochanika hadi toazi likagusa chuma cha stendi, vyote hutoa mkwaruzo unaofanana kabisa na wa ufa. Kama toazi lina ribiti za kuongeza mlio, angalia kama moja imelika.

Jaribio ni rahisi. Litoe toazi kwenye stendi, lining'inize kwa kidole kimoja kupitia tundu la katikati, kisha uligonge taratibu kuzunguka ukingo. Mkwaruzo ukitoweka, shida ni ya stendi. Ukibaki, na hasa ukizidi unapogonga eneo fulani, kuna ufa hapo karibu.

Kuutafuta, osha toazi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu uchafu uliojaa kwenye mistari ya mduara huficha ufa kwa urahisi. Kausha, kisha mulika tochi kutoka pembeni, mwanga ukipita sambamba na uso wa toazi. Usipoona kitu, paka mafuta mepesi eneo unalolishuku, yaache yapenye kwa dakika kadhaa, futa hadi pakauke kabisa, halafu nyunyiza poda nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya poda. Fanya hivyo juu na chini, maana ufa unaweza kuonekana mfupi upande mmoja na mrefu upande wa pili.

Ukishauona, weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika pale unapoishia, pande zote mbili. Alama hizo zitakueleza baadaye kama ufa umelala au unaendelea kutembea.

Dalili: ufa unaanzia ukingoni na kuelekea katikati

Huu ndio unaoonekana zaidi, hasa kwenye krashi, yaani toazi la kupiga mshindo wa ghafla. Ukingo wa krashi ni mwembamba, karibu milimita moja na mara nyingi pungufu ya hapo, na ndio unaopinda kuliko sehemu nyingine yoyote.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni namna ya kupiga. Kijiti kinachotua moja kwa moja kwenye ukingo, kwa pembe ya mraba, kinalikata toazi badala ya kulitikisa. Angalia shingo za vijiti vyako: vikiwa vimeliwa sana sehemu moja, kama vimechongwa, toazi nalo limekuwa likipokea pigo hilohilo. Angalia pia pembe ya stendi. Toazi lililolala bapa na kuwekwa juu sana humlazimisha mpigaji alifikie ukingoni tu.

Chanzo cha pili ni nati iliyokazwa kupita kiasi. Toazi linapopigwa linatakiwa kuyumba, na kuyumba huko ndiko kunakopunguza nguvu ya pigo. Likibanwa lisiyumbe, nguvu yote inabaki kwenye mwili wake na kuishia ukingoni.

Chanzo cha tatu husahaulika: jeraha dogo la ukingo. Toazi liliangushwa, au lilisafirishwa likigongana na stendi, likapata kijidenti au kikatiko kisichozidi tundu la sindano. Kila mtetemo hukusanya mkazo kwenye kona hiyo kali, na siku moja panafunguka. Ukikuta vijikatiko vya aina hiyo kabla ufa haujaanza, vilainishe kwa tupa laini na msasa. Ni kazi ya robo saa inayoweza kuongeza maisha ya toazi kwa miaka.

Dalili: ufa unafuata mstari wa mduara mgongoni, yaani kati ya kuba na ukingo

Mistari inayoonekana kwenye toazi hukatwa kwa mashine ya kukereza, na kila mstari ni mfereji mdogo ambamo metali ni nyembamba kidogo kuliko jirani yake. Ufa ukiingia kwenye mfereji huo unapata njia iliyokwisha kuchongwa, nao utaifuata. Mara nyingi huanza kama ufa wa ukingoni, unaingia ndani sentimita mbili au tatu, kisha unakunja kona na kuanza kuzunguka.

Ufa wa mduara ni mbaya kuliko wa ukingoni. Unaweza kukua haraka, na ukifika robo ya mzunguko sehemu ya nje inakuwa ulimi unaopiga makofi peke yake. Sababu zake ni zilezile za pigo na nati, isipokuwa toazi likiwa jipya. Toazi jipya linalopasuka kwenye mfereji bila alama yoyote ya pigo ukingoni huenda lilikerezwa kwa kina mno au lilikuwa na kasoro ndani ya metali. Hapo usiliguse. Lirudishe kwa dhamana, kwa kuwa tundu moja tu la drili litakupotezea haki hiyo.

Dalili: tundu la katikati si duara tena, au kuba limepasuka

Tundu lililorefuka upande mmoja na kuwa na umbo la tundu la ufunguo ni kazi ya chuma cha stendi kusugua metali ya toazi bila bomba la plastiki katikati yao. Lisipotibiwa, kona ya hilo tundu huzaa nyufa zinazopanda kuba. Likiwa bado halijapasuka, lizungushie tupa ya duara hadi kona zote ziwe laini, weka bomba jipya la plastiki na felti nene chini na juu, basi toazi litaendelea na kazi kama kawaida.

Ufa uliokwisha kupanda kuba, au unaozunguka pale kuba linapokutana na mgongo, ni habari nyingine. Uzito wote wa toazi unaning'inia hapo. Unaweza kutoboa mwisho wa ufa na kupata muda kidogo zaidi, lakini usilitegemee toazi hilo jukwaani.

Sasa, habari ya kuchomelea

Jambo la kwanza kujua ni metali yenyewe, kwa sababu matoazi yanayofanana rangi kwa mbali huungua kwa namna tofauti kabisa.

Matoazi mengi ya daraja la juu ni bronzi yenye shaba 80% na bati 20%, ikiwa wakati mwingine na chembe za fedha. Watengenezaji huiita B20. Hapa bati ni ile metali inayoitwa pia stani. Bati la kuezekea ni jambo jingine. Aina ya pili ni B8, yenye shaba 92% na bati 8%, inayotengenezwa kwa kubanwa kwenye roli hadi iwe bamba. Ya tatu ni shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, inayopatikana kwenye matoazi ya wanaoanza. Hii ni ya manjano zaidi, laini, hupinda haraka, na mlio wake ni mfupi.

B20 ndiyo inayowaumbua mafundi. Ikipoa polepole kutoka kwenye joto kali, chini ya takriban nyuzi 520 za Selsiasi sehemu yake hubadilika na kuwa mchanganyiko wa shaba na bati ulio mgumu na mwepesi kuvunjika. Watengenezaji huizuia hali hiyo kwa kulitumbukiza toazi zima kwenye maji likiwa bado jekundu, na maji hayo huifanya bronzi iwe tayari kufuliwa kwa nyundo. Fundi aliyezoea chuma cha pua au chuma cha kaboni ana silika ya kuacha kiungo kipoe chenyewe kwa hewa, jambo ambalo kwenye chuma ni busara. Kwenye B20, silika hiyo inaacha mkanda wa metali iliyo mithili ya kioo pande zote mbili za kiungo.

Basi, toazi likirudi kutoka kwa fundi na bado lina shida, soma dalili hivi.

*Ufa mpya umetokea pembeni mwa kiungo, sambamba nacho.* Hili ndilo tokeo la kawaida kuliko yote. Kiungo chenyewe kimeshika. Kilichopasuka ni ule mkanda uliopata joto bila kuyeyuka. Kwenye B20 umekuwa mkavu kwa sababu niliyoieleza. Kwenye B8 ni kinyume: joto limeulainisha, ukapoteza ule ugumu uliopatikana kwenye roli na nyundo, na sasa unapinda kupita majirani zake hadi uchoke. Kuchomelea tena kunauhamisha mkanda huo milimita chache mbele, basi.

*Kiungo kimepasuka katikati kikiwa bado cha moto.* B20 haigandi mara moja. Inaanza kuganda karibu na nyuzi 890 na kumalizika karibu na nyuzi 800. Kati ya hapo kuna majimaji yenye bati nyingi yaliyobaki kati ya chembe zilizoganda, huku metali yote ikijikunja. Ikivutwa kidogo tu, inaachana. Kubana toazi kwa nguvu kwenye jiliwa wakati wa kuchomelea kunazidisha tatizo hilo.

*Toazi lilitoboka kabla waya wa kujazia haujayeyuka.* Fundi ametumia waya wa bronzi wa kawaida wa dukani, wenye silikoni au wenye bati chache. Waya hizo huyeyuka kwenye joto la juu kuliko B20, kwa hiyo toazi linatangulia kuyeyuka. Wanaofanikiwa kiasi hukata vipande vyembamba kutoka kwenye toazi bovu la aina ileile na kuvitumia kama waya.

*Kiungo kina vitundu vidogovidogo.* Kulikuwa na mafuta, nta ya kung'arishia au jasho la mikono kwenye metali, au gesi ya argoni, inayoizuia hewa isiguse metali ya moto, haikufunika upande wa chini.

*Moshi mweupe mzito ulipanda na kiungo kimejaa majivu.* Toazi lilikuwa la shaba ya njano. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, karibu sana na joto linaloyeyusha shaba hiyo, kwa hiyo inatoroka kama mvuke. Moshi huo ukivutwa huleta homa na baridi saa kadhaa baadaye. Kazi hii haifai kufanywa ndani ya chumba kilichofungwa, na kwa thamani ya toazi lenyewe sioni sababu ya kuifanya kabisa.

*Kiungo kimeshika, lakini toazi limekuwa bubu.* Kuna mambo matatu. Tuta la metali lililobaki juu ya kiungo limeongeza uzito mahali pamoja. Lisawazishe kwa tupa pande zote mbili. Joto limelegeza mvutano uliojengwa na nyundo; hilo halirudi bila mfuaji wa matoazi. Au toazi limepinda: liweke kifudifudi juu ya kioo bapa uone kama ukingo wote unagusa.

Kulehemu kwa risasi laini kunatoka haraka, maana mtetemo unailegeza. Kulehemu kwa fedha kunashika zaidi, ila kunahitaji joto linalopita nyuzi 600, na hapo umekwisha kuiharibu B20. Gundi hukaa hadi pigo zito la kwanza. Utepe unanyamazisha mkwaruzo kwa onyesho moja la dharura, lakini ufa unaendelea kutembea chini yake.

Kama bado unataka kuchomelea, labda kwa sababu toazi hilo ni la kumbukumbu na halitapigwa kwa nguvu, tafuta fundi wa TIG (kuchomelea kwa umeme kwa ncha ya tangsteni na gesi ya kukinga) mwenye uzoefu wa metali zisizo chuma. Atoboe kwanza mwisho wa ufa, asafishe hadi metali ing'ae, aweke bamba nene la shaba nyekundu chini ya ufa ili livute joto, achomelee kwa vituo vifupi akianzia ndani kuelekea ukingoni, na afanye jaribio kwenye toazi bovu kabla ya kugusa lako. Anayekuahidi kwamba sauti itarudi kama mwanzo hajawahi kulisikiliza toazi baada ya kulichomelea.

Kukata: kazi ninayoiamini

Ufa hutembea kwa sababu ncha yake ni kali mno, na mkazo wote unajikusanya pale. Ukiweka tundu la duara mahali pa ncha hiyo, mkazo unatawanyika kuzunguka tundu. Hilo ndilo lengo la kutoboa. Lakini tundu peke yake linaziacha kuta mbili za ufa zikisuguana, kwa hiyo mkwaruzo unabaki. Ndiyo maana kwa ufa wa ukingoni napendelea kuukata wote na kuutoa.

Vaa miwani ya kujikinga, na barakoa pia kwa sababu ya vumbi la metali. Bana toazi juu ya ubao mnene, uso wake ukiwa umefunikwa kitambaa. Tafuta mwisho wa kweli wa ufa kwa ile njia ya mafuta na poda, kisha weka alama milimita tatu hadi tano mbele yake, kwa kuwa ufa huwa umekwisha kuingia mbele kuliko jicho linavyoona. Gonga alama kidogo tu kwa panchi, ukiwa na ubao chini. Toboa kwa ncha kali ya milimita tano hivi, drili ikienda polepole na tone la mafuta.

Kutoka kwenye tundu hilo chora umbo la herufi U pana, mdomo ukiwa ukingoni na tako la mviringo likiwa kwenye tundu. Ufa wote uwe ndani ya umbo hilo. Pana ni bora kuliko jembamba: ufa wa sentimita mbili unastahili mdomo wa sentimita tatu au nne, ili mabega yake yashuke taratibu bila kona. Kata kwa grenda ndogo ya mkono yenye kisu chembamba, kwa vipindi vifupi. Metali ikianza kubadilika rangi umepitiliza. Simama, iguse kwa kitambaa chenye maji, kisha endelea.

Hatua ya kulainisha ndiyo inayoamua kama kazi itadumu, na ndiyo ambayo watu huiharakisha. Tumia tupa nusu duara, kisha msasa wa 220, wa 400, na wa 600. Sugua kwa kufuata urefu wa ukingo, usivuke, kwa sababu kila mkwaruzo unaovuka ukingo ni mwanzo wa ufa mwingine. Pitisha ukucha pande zote mbili. Ukinasa popote, rudi kwenye msasa.

Mlio utabadilika kidogo: utakuwa mkavu zaidi na mwangwi utafupika. Kwenye krashi ya inchi 16 au 18 yenye mkato mmoja mdogo, wasikilizaji wengi hawatagundua.

Ufa wa mduara hutibiwa vingine. Toboa ncha zote mbili, kisha unganisha matundu kwa kukata mfereji mwembamba unaoufuata ufa, ili kuta zisigusane tena. Ukiwa mrefu kuliko upana wa kiganja, usipoteze muda. Punguza toazi zima: chora duara jipya linalopita upande wa ndani wa ufa, karibu zaidi na katikati, na ukate kwa msumeno wa umeme wenye meno ya metali, kisha lainisha ukingo wote. Krashi ya inchi 16 inaweza kuwa ya 13. Sauti yake itapanda na kukauka, kwa kuwa umeondoa sehemu nyembamba iliyokuwa ikifunguka upesi. Likipangwa juu ya toazi lingine kwa mlio mfupi wa kukatika, linafaa sana.

Matoazi ya haihati, yale mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa pedali ya mguu, yana ugumu wake. Mkato ukingoni unapitisha hewa na kuudhoofisha ule mlio wa mguu. Lenye mkato liweke juu, lililo zima liwe chini.

Kabla ya kulirudisha kwenye stendi

Weka bomba jipya la plastiki. Badilisha felti zilizobapa. Kaza nati kiasi cha kulizuia toazi lisiruke tu. Ukilisukuma kwa kidole liyumbe kwa uhuru. Liinamishe kidogo kuelekea kwako na ulishushe hadi kijiti kiliguse kwa kupita, kikitoka pembeni badala ya kutua wima. Lizungushe ili mkato ukae upande wa mbali na mkono wako, na baada ya kila mazoezi angalia kama limegeuka lenyewe.

Weka alama mpya za wino kwenye tako la mkato, juu na chini, na uzikague kwa tochi mara kwa mara katika wiki za mwanzo. Kijimstari kikitokea kwenye tako, ncha ya ufa ilibaki ndani. Ongeza kina cha mkato kwa milimita tano na ulainishe tena. Kikitokea mahali pengine kabisa kwenye ukingo huohuo, acha kukata na uangalie upya mkono, vijiti na stendi, kwa sababu chanzo bado kipo.